Dawa yenye inaamusha pompi: juu ya nini kuku hazipone tena na antibiotiki

SOMO LA KUNDI. Mutu mumoja asome kwa sauti katika mukutano. Kisha muzungumuzie maulizo yenye kuwa kwenye mwisho.



Wakati tulitembelea wafugaji kwenye barabara ya kutoka Likasi kwenda Kambove, mama mumoja alitupeleka nyuma ya nyumba yake. Kuku 4 zilikuwa zimelala chini, mabawa yameanguka, na zilikuwa zinahara maji. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kuzika zingine 7. Alitoa sashe ya oksitetrasiklini ndani ya kikapo, akasema: "Mwaka ulipita, sashe moja tu, kuku zote zinapona. Sasa minaweka tatu, na zinakufa tu. Ile dawa ya siku hizi njo ya uongo?"

Ulizo lake ni la haki. Dawa za uongo ziko, na dawa zenye zimepitisha tarehe ziko pia. Lakini tulisoma etiketi: tarehe ilikuwa nzuri. Na jirani yake alikuwa ameponya kuku zake na sashe za duka lile lile. Basi tukamuuliza namna anatumia dawa. Akatujibu bila kuficha: "Kila siku ya kwanza ya poste minatiaka kidogo mu maji, hata kama hazina mugonjwa. Ni juu zisigonjwe."

Alifanya vile zaidi ya mwaka. Hakufanya vile kwa ubaya. Alitaka kuchunga kuku zake, zenye zinalipa masomo ya watoto. Lakini ile "kidogo ya kila poste" njo tunataka kuzungumuzia leo. Mukielewa mambo yenye inafanya ndani ya mikrobe, mutaelewa juu ya nini tunasema kila mara: antibiotiki, ao unaitoa vizuri, ao unaiacha. Katikati hakuna njia.

Maneno matatu ya kujua

Mikrobe tunayosema hapa ni bakteria. Ni kitu kidogo sana, jicho haliioni, lakini inakula, inakua, na inajigawa mbili. Nyingi hazina ubaya. Zingine zinasaidia tumbo la kuku na la mutu, zingine zinatengeneza udongo. Chache tu zinaleta ugonjwa.

Jeni ni andiko dogo ndani ya mikrobe. Kila andiko linaeleza namna ya kutengeneza kitu kimoja. Mikrobe moja ya tumbo, ile wanaita Escherichia coli, iko na jeni zaidi ya 4,000. Lakini haizisome zote kwa wakati mumoja. Mukulima naye anajua kupanda mahindi, kuchoma makala, kujenga na kutengeneza kinga, lakini hafanye zote siku moja. Kazi inafanywa wakati inaombwa. Mikrobe nayo inafungua jeni fulani na kufunga zingine.

Antibiotiki ni dawa yenye inaua bakteria ao inazizuia zisikue. Haiue virusi. Ugonjwa wa Newcastle na Gumboro unaletwa na virusi, kwa hiyo oksitetrasiklini haiwezi kuuponya, hata ukimwanga ndoo nzima. Kokisidiosi, ile ya mavi yenye damu, inaletwa na kidudu cha aina ingine, na nayo inaomba dawa yake.

Pompi na mulinzi

Sasa tuingie ndani ya mikrobe. Tunachukua mufano wa tetrasiklini, kwa sababu oksitetrasiklini njo dawa yenye tunaona zaidi kwa wafugaji wetu, kwa kuku na kwa mbuzi.

Kwanza, dawa hii inafanya kazi namna gani? Ndani ya mikrobe kuko viwanda vidogo sana vyenye vinatengeneza protini. Vinaitwa ribosomu. Bila protini mpya mikrobe haiwezi kukua. Tetrasiklini inaingia, inajibandika kwenye kiwanda, na kazi inasimama. Mikrobe inabakia hapo, haikue tena, na nguvu ya kuku yenyewe inaimaliza.

Lakini mikrobe zingine ziko na jeni yenye wataalamu wanaita tetA. Jeni hii inaeleza namna ya kutengeneza pompi. Pompi inakaa ndani ya ngozi ya mikrobe na kusukuma tetrasiklini inje. Dawa inaingia, pompi inaitupa. Inaingia tena, inaitupa tena. Viwanda vinaendelea na kazi.

Munajua motopompe ya bustani. Inakula mafuta. Hakuna mutu mwenye anaiwasha wakati mvua inanyesha. Mikrobe nayo ni vile vile. Pompi ikitengenezwa ovyo, inaikula nguvu na inaharibu ngozi yake. Mikrobe yenye kuwa na pompi nyingi bila sababu inakua polepole kuliko wenzake. Kwa hiyo inaomba mulinzi.

Mulinzi huyu ni protini yenye inaitwa TetR. Anakaa juu ya jeni ya pompi, amefunga mulango. Akiwa pale, jeni haisomwe, na pompi haitengenezwe. Sasa angalieni vizuri: ni nani anamutoa mulinzi pale? Ni dawa yenyewe. Tetrasiklini kidogo ikiingia, inajibandika kwa mulinzi. Mulinzi anabadilika umbo, mikono yake inalegea, anaacha mulango. Jeni inafunguka. Kisha dakika chache pompi zinaanza kutengenezwa. Dawa yote ikisukumwa inje, mulinzi anarudia nafasi yake na kufunga tena.

Kuko jambo moja zaidi. Mulinzi anasikia dawa haraka kuliko kiwanda. Tetrasiklini inajibandika kwa TetR kwa nguvu zaidi kuliko inajibandika kwa ribosomu. Maana yake, dawa kidogo sana, yenye haitoshe kusimamisha viwanda, inatosha kumuondoa mulinzi. Pompi inawashwa mbele dawa iwe ya kutosha kuua.

Sasa turudi kwa mama yetu wa barabara ya Kambove. Kila poste alitia kidogo. Kidogo ile haikuua mikrobe za ugonjwa. Lakini katika mikrobe zenye kuwa na jeni ya pompi, mulinzi aliondoka na pompi ikawaka. Zile zisizokuwa na pompi zikachelewa kukua. Zile zenye pompi zikapata nafasi na chakula. Poste kwa poste, mwaka muzima, alikuwa anachagua mbegu bila kujua, sawa vile sisi tunachagua masuke mazuri ya mahindi kwa kupanda mwaka wenye kufuata. Tofauti ni moja tu: alikuwa anachagua mbegu ya ugonjwa.

Wataalamu wa Uswidi walionyesha jambo hili mwaka 2011. Walichanganya mikrobe zenye kusikia dawa na zile zisizosikia, wakatia dawa kidogo sana, mara nyingi chini ya kipimo chenye kinazuia mikrobe kukua. Hata pale, zile zisizosikia zikashinda zingine. Basi tusiseme "kidogo haina ubaya." Kidogo njo ubaya wenyewe.

Jeni hizi hazikuzaliwa jana

Watu wengine wanatuuliza: "Mikrobe zilijifunza wapi kutengeneza pompi?" Hazikujifunza kwa sisi. Oksitetrasiklini yenyewe, yenye ilijulikana mwaka 1950, inatoka kwa mikrobe ya udongo yenye jina Streptomyces rimosus. Ndani ya udongo mikrobe zinapigana na vitu vya namna hii tangu zamani sana. Mwaka 2011, wataalamu wa Kanada walieleza kwamba walipata jeni zenye kupinga tetrasiklini ndani ya udongo wa barafu wenye miaka 30,000. Wakati ule hakukuwa farmasi wala sashe.

Basi mutu hakuumba jeni hizi. Mutu alizipatia kazi. Zilikuwa chache, zimetawanyika katika udongo na matumbo. Kwa kumwanga dawa kila pahali, tuliziita zikuje na tukazilisha.

Namna zingine mbili za kufungua jeni

Mulango wenye mulinzi si namna moja tu. Tupite haraka kwenye zingine mbili, kwa sababu dawa zake ziko pia kwenye soko.

Ya kwanza ni ya eritromisini na tilosini, dawa zenye wafugaji wanatumia kwa kuku zenye kukohoa. Kuko jeni yenye jina erm. Hapa jeni inasomwa, lakini ujumbe wake unatoka umekunjwa sawa barua yenye imefungwa na gundi. Kiwanda hakiwezi kuisoma yote. Dawa ikiingia, inakwamisha kiwanda kimoja kwenye mwanzo wa barua. Pale pale barua inakunjuka, na kiwanda chenye kufuata kinaisoma mpaka mwisho. Kazi ya protini yake ni kubadilisha kidogo viwanda vyote, ili dawa isipate tena pa kujibandika. Mara ingine, ni dawa ndiyo ilifungua.

Ya pili ni ya mulinzi mwenye ameharibika. Ndani ya Escherichia coli kuko kundi la jeni lenye linaitwa mar. Mulinzi wake akiharibika kwa sababu andiko lake limebadilika, mulango unabakia wazi siku zote. Mikrobe inapunguza milango ya kuingilia na kuongeza pompi za kila namna. Matokeo: dawa nyingi za aina mbalimbali zinapoteza nguvu kwa mara moja, hata zile kuku haijapata kupewa. Ndiyo maana kubadilisha dawa kila siku tatu, leo hii, kesho ile, si akili. Unaweza kuwa unachagua mikrobe zenye zinapinga zote.

Mikrobe zinagawana jeni

Kama jeni ya pompi ingebakia kwa mikrobe moja na watoto wake tu, tungekuwa na tatizo dogo. Lakini mikrobe zinapeana jeni, hata wakati si za jamaa moja. Jeni nyingi za kupinga dawa ziko juu ya kamba ndogo ya mviringo yenye inaitwa plasmidi. Mikrobe mbili zinagusana, moja inafanya kopi ya kamba na kuipatia ingine. Ni sawa vile mukulima anampatia jirani miche ya matembele: yeye hapoteze yake, na jirani amepata.

Hapa pia dawa inaweza kuwa njo yenye inaanzisha. Kuko mikrobe za tumbo zenye jina Bacteroides, ziko nyingi sana ndani ya tumbo la mutu. Wataalamu wa Marekani waliona kwamba, kukiwa tetrasiklini, mikrobe hizi zinagawana jeni yao ya kupinga tetrasiklini mara 100 mpaka mara 1,000 zaidi. Basi dawa inafanya kazi mbili ya kutusumbua: inafungua jeni, na inaituma kwa majirani.

Kutoka kwa kuku mpaka kwenye nyumba

Mutu anaweza kusema: "Ni mambo ya kuku. Mimi ni mutu." Tusikie mufano wa kweli. Katika miaka ya 1970, kwenye shamba moja la Massachusetts, Marekani, munganga Stuart Levy na wenzake walianza kulisha kuku chakula chenye tetrasiklini kidogo, sawa vile wafugaji wa kule walikuwa wanafanya ili kuku zinone. Walipima mavi ya kuku na ya watu wa shamba kila juma, na vilevile ya majirani wenye hawakukaa pale.

Kisha juma moja, karibu mikrobe zote za tumbo la kuku hazikusikia tena tetrasiklini. Kwa watu wa shamba ilikuja polepole. Lakini kisha miezi 5 ao 6, karibu mara 31 kwa 100, mavi yao yalionyesha kwamba mikrobe zaidi ya 80 kwa 100 hazisikie dawa. Kwa majirani ilikuwa karibu mara 7 tu kwa 100. Watu wale hawakumeza dawa. Walilisha kuku, walifagia mavi, walichukua mayai.

Kuko na habari nzuri pia. Wakati walitoa chakula kile chenye dawa, kisha miezi 6 watu 8 kati ya 10 wenye walipimwa hawakuonekana tena na mikrobe zile. Mukumbuke motopompe: bila dawa, pompi ni muzigo, na mikrobe zisizokuwa nayo zinaweza kurudilia nafasi yao. Hazirudi kila mara, wala haraka. Lakini kuacha kunasaidia.

Sasa turudi kwetu. Katika inchi yetu kuko ugonjwa wa damu wenye unaletwa na Salmonella. Unapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5, zaidi sana wale wenye malaria ao wenye kukosa chakula cha kutosha. Unaua. Mwaka 2019, wataalamu wa INRB ya Kinshasa pamoja na wenzao wa Ubelgiji na Uingereza walieleza aina moja ya Salmonella Typhimurium yenye walipata katika damu ya wagonjwa wa hapa Kongo. Haikusikia tena ampisilini, kloramfenikoli wala kotrimoksazoli. Tena, ilipinga seftriaksoni na azitromisini, dawa zenye munganga anakimbilia wakati zile za kwanza zimeshindwa.

Tuseme wazi: hatusemi kwamba mikrobe ile ilitoka kwa kuku zetu. Aina ile inaonekana zaidi kwa mutu. Tunasema jambo lingine. Dawa za kuku na dawa za mutoto ni za jamaa moja, na mikrobe zinagawana jeni. Siku mutoto anafika kwenye hospitali ya Likasi na homa yenye haishuke, munganga ako na dawa chache mukononi. Kila dawa yenye tunaharibu kwenye nyumba ya kuku inaweza kupunguza zile chache.

Na shaba yetu?

Hapa Likasi tunaishi na shaba. Kuko mashimo ya Kambove, kuko usine ya Shituru, kuko vijito vyenye vinapita kwenye pahali wanaosha mawe. Mikrobe nazo zinasikia shaba, kwa sababu shaba nyingi inaziua. Zimetengeneza walinzi na pompi za shaba. Escherichia coli iko na mulinzi mwenye jina CueR: akisikia shaba, anafungua jeni ya pompi yenye inaitupa inje.

Tatizo ni hili: jeni ya kupinga shaba na jeni ya kupinga antibiotiki zinaweza kukaa juu ya plasmidi moja. Mwaka 2002, wataalamu wa Denmark walieleza jeni moja ya namna hiyo, tcrB, ndani ya mikrobe za nguruwe. Nguruwe za kule zilikuwa zinalishwa shaba katika chakula. Jeni ile ilisafiri pamoja na jeni za kupinga dawa za jamaa ya eritromisini. Basi shaba ilichunga jeni za kupinga dawa, hata bila dawa. Mwenye kubeba kikapo anabeba vyote vyenye kuwa ndani.

Kwa sisi, somo lake ni la kawaida. Musinyweshe nyama maji ya kijito chenye kinatoka kwenye kuosha mawe, na musimwangie nayo lengalenga. Musitie sulfati ya shaba katika maji ya kuku kila poste kama kinga.

Tufanye nini?

1. Usitoe antibiotiki kwa kuku zenye ziko na afya. Kinga ni chanjo (Newcastle, Gumboro), maji safi, majani makavu chini, nafasi ya kutosha na hewa. Zile ni kinga zenye haziamushe pompi.

2. Tafuta kwanza ugonjwa ni gani. Uliza munganga wa nyama. Kama kuku nyingi zinakufa kwa siku mbili na shingo zimepotoka, fikiri Newcastle. Kuna mavi ya damu kwa vitoto vya kuku? Fikiri kokisidiosi. Feza ya oksitetrasiklini pale ni feza ya kutupa.

3. Toa kipimo chote. Tuchukue mufano wa hesabu tu: tuseme etiketi inaomba kijiko 1 kwa lita 10 za maji. Kuku 100 kubwa zinakunywa karibu lita 20 mpaka 25 kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Basi inaomba vijiko 2 mpaka 2 na nusu kila siku. Ukitia kijiko 1 "juu ya kuchunga feza", kila kuku inapata nusu ao chini ya nusu. Umelipa dawa, na umewasha pompi. Kipimo cha kweli ni kile cha etiketi ao cha munganga.

4. Tenga zenye kugonjwa. Kuku yenye kugonjwa inakunywa kidogo. Ukitia dawa katika maji ya kuku zote, zenye afya zinakunywa nyingi na mugonjwa anapata kidogo. Zitenge, uzipatie maji ya dawa peke yake, na zile dhaifu uzinyweshe kwa mukono.

5. Tengeneza maji ya dawa mapya kila siku, ndani ya ndoo ya plastiki. Tetrasiklini inashikana na chuma, na chokaa pia. Usitumie ndoo yenye kutu. Usichanganye na maziwa. Siku za dawa, punguza chokaa na maganda yenye munatia katika chakula cha kuku za mayai.

6. Maliza siku zote. Kama etiketi inasema siku 5, ni siku 5, hata kama siku ya 2 kuku zimesimama. Na kama siku ya 3 hakuna mabadiliko, usiongeze sashe. Ita munganga wa nyama. Dawa yenye haisikiwe haitasikiwa juu umeiongeza mara tatu.

7. Ngoja mbele ya kula ao kuuza. Etiketi inaandika siku za kungoja kwa nyama na kwa mayai. Yai la siku za dawa liko na dawa ndani. Mutoto mwenye anakula yai lile anapata ile ile "kidogo".

8. Iva mavi mbele ya kuyapeleka bustanini. Yaweke fungu pamoja na majani, yaloweshe kidogo, yageuze mara nyingi. Fungu zuri linapata moto ndani mpaka mukono hauwezi kuvumilia. Moto ule unaua mikrobe nyingi. Usimwange mavi mabichi kwenye lengalenga ao kwenye saladi yenye italiwa bila kupikwa.

9. Nawa mikono na sabuni kisha kutoka kwa kuku. Kuku yenye imekufa na ugonjwa haiuzwe na hailiwe. Ichomwe ao izikwe mbali na kisima.

10. Muwe na daftari moja la koperative. Andikeni: tarehe, ugonjwa, dawa gani, kipimo gani, siku ngapi, zilipona ngapi, zilikufa ngapi. Mutu mumoja alichunge. Kisha mwaka, daftari litawaonyesha dawa gani inaanza kuchoka, mbele hasara iwe kubwa.

Mama yetu alifanya nini?

Munganga wa nyama alikuja, akapasua kuku moja yenye ilikufa, akamwambia ni ugonjwa wa bakteria, lakini oksitetrasiklini haitasaidia tena katika nyumba ile. Alimwandikia dawa ya jamaa ingine kwa zenye kugonjwa tu. Alipoteza karibu nusu ya kuku zake. Kisha alitoa kila kitu, akapiga chokaa, akaacha nyumba wazi juma mbili, akalipa vitoto vipya na chanjo yao. Ile feza ya sashe ya kila poste sasa inalipa chanjo. Bado hatujui kama oksitetrasiklini itarudia kufanya kazi kwake. Tulimuomba asiiguse, na aandike kila kitu katika daftari.

Wakati tulikuwa tunaaga, alituuliza: "Basi mimi mwenyewe njo nilizifundisha?" Tulimujibu: hapana, mama, zilikuwa zinajua tangu zamani. Ulikuwa tu unaziamusha kila poste, na hakuna mutu mwenye alikuambia.

Maulizo ya kuzungumuzia katika kundi

1. Kwetu hapa, nani anatoaka antibiotiki kwa kuku zenye afya? Inatugarimu franga ngapi kwa mwaka? Feza ile ingelipa chanjo kwa kuku ngapi?

2. Elezea mwenzako kazi ya mulinzi TetR na maneno yako mwenyewe. Ni nani anamuondoa kwenye mulango?

3. Juu ya nini dawa kidogo inaweza kuwa mbaya kuliko kukosa dawa?

4. Mavi ya kuku zetu yanaenda wapi? Kutoka pale yanafika wapi?

5. Nani atachunga daftari la koperative, na tutalisoma pamoja mara ngapi kwa mwaka?